Kadi za posta zimtaje mchoraji na zioneshe picha nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwafikie wachapishaji na wauzaji wa kadi za posta zenye kazi za wachoraji wetu, zinazouzwa hapa Mwanza katika maduka ya zawadi yanayowahudumia wageni wa Serengeti.

Kadi hizi nazithamini sana. Mchoro wa Sam Ntiro wa mwaka 1956, unaoonesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, umehifadhiwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, na mwanafunzi wa Nyamagana au Ilemela hana namna ya kuufahamu ila kwa nakala. Kwa hiyo nakala ikiharibiwa, kwake ni picha yenyewe iliyoharibiwa.

Nina kadi moja mezani, yenye picha ya chui katika mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zinazong'aa, juu ya vipande vya ubao vya mraba. Kadi ya posta si mraba. Ina sentimita 14.8 kwa 10.5. Mpiga chapa, badala ya kuacha ukingo mweupe pembeni, ameikuza picha mpaka ikajaa kadi, kisha akakata kilichozidi juu na chini. Masikio ya chui yamekwenda. Chini, mahali ambapo wachoraji wa mtindo huu huweka saini, zimebaki ncha za herufi mbili tu, na nyuma ya kadi pameandikwa "Sanaa ya Afrika" bila neno jingine. Nimeigeuza mara nyingi, na mpaka leo siwezi kusema ni kazi ya nani, ilhali ni mkono wa mtu aliyeketi akapanga yale madoa moja baada ya jingine.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa msanii haki ya kutajwa kwenye kazi yake, na inailinda kazi hiyo katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wengi wa wachoraji ambao picha zao ziko kwenye kadi hizi wangali hai na wanaishi kwa brashi, na mteja aliyeipenda kadi angeweza kuwatafuta, kama angejua jina.

Ninachoomba hakiongezi gharama ya uchapaji: picha ioneshwe nzima, hata kwa kuacha ukingo, na nyuma liandikwe jina la mchoraji, jina la picha, mwaka, aina ya rangi na vipimo vya picha halisi. Wenye maduka nao wazikague kadi kabla ya kuagiza, na zisizo na jina wazirudishe kwa mchapishaji.

Wako,
Mwalimu wa sanaa,
Nyegezi, Mwanza