Barua ya wazi kwa Shangazi, kabla kiwanja hakijauzwa

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeelezwa kwamba saratani ya utumbo mpana imefika kwenye utando wa ndani ya tumbo, na kwamba ukoo unakusudia kuuza kiwanja ili upelekwe India ukatibiwe kwa dawa za saratani zilizopashwa joto. Nimeamua kuandika hadharani kwa kuwa familia nyingi ziko katika kikao kama hicho.

Tutenganishe mambo mawili yanayotajwa kama jambo moja. Upo upasuaji wa kuondoa kila uvimbe unaoonekana, na ipo dawa ya moto inayozungushwa tumboni baada yake. Nchini Ufaransa, wagonjwa 265 waliofanyiwa upasuaji huo waligawanywa kwa kura, takribani nusu yao wakaongezewa dawa ya saratani iitwayo oksaliplatini, yenye joto la nyuzi 43 kwa dakika 30. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba katika kila kundi nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 41, ila waliopewa dawa ya moto walipata madhara makubwa zaidi baadaye. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama upasuaji wenyewe unakufaa, wala si nani ana mashine ya kupasha dawa.

Wapasuaji hugawa tumbo katika sehemu 13 na kupima kuenea kwa ugonjwa kwa alama kuanzia 0 hadi 39. Zikizidi 20, kwa kawaida hawashauri upasuaji, bali dawa za dripu. Kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili, mara nyingi hakioni vinundu vidogo, hivyo tuombe uchunguzi wa kamera kupitia tundu dogo tumboni. Tuombe pia kinyama kilichokatwa kipimwe vinasaba, kwa maana wapo wagonjwa wachache ambao dawa za kuamsha kinga huwafaa kuliko dawa za kawaida.

Ukitapika mfululizo, tumbo likajaa na usiweze hata kutoa hewa kwa njia ya haja kubwa, uwahishwe hospitali usiku huohuo, maana huenda utumbo umeziba. Maumivu nayo usiyavumilie kwa staha: morfini ya kunywa ni tiba, na madaktari wa tiba shufaa, yaani wa kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa, waitwe sasa, wakati matibabu mengine yanaendelea.

Katika kikao, naomba uwe wa kwanza kusema, Shangazi, kwa kuwa katika simu zote nilizopigiwa sijasikia mtu akieleza unachotaka wewe.