Barua ya wazi kwa wakimbiaji chipukizi wa Molo, Keringet na Njoro

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Mwenzenu mmoja amefungiwa kwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku, na kilichonikera kuliko kosa lenyewe ni maneno niliyoyasikia nilipokuja kambini kuwapa pole: kwamba hakuwa na bahati, kwamba wote wanatumia ila yeye ndiye aliyenaswa, kwamba ana wadogo zake wa kulipia karo, na kwamba wapimaji wanawaandama Wakenya. Hakuna hata mmoja wenu aliyetamka kwamba alikosea.

Maneno hayo ni ya zamani. Mwaka 1957 wanasosholojia wawili wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, walieleza jinsi vijana wavunja sheria wanavyojisafisha: hukana kwamba walitenda kwa hiari yao, hukana kwamba kuna aliyeumia, humtupia lawama aliyeumia, huwashutumu wanaowahukumu, au hudai walitenda kwa ajili ya watu wao. Walishikilia kwamba visingizio hivi mara nyingi hutangulia kosa, na kwamba ndivyo vinavyolifungulia mlango. Nami nimeyaona hayo kambini. Kijana huumia ugoko, akaambiwa achomwe sindano ya kupona haraka. Halafu huambiwa daktari ndiye anayejua, asiulize. Na kufikia siku anapodungwa EPO, dawa wanayopewa wagonjwa wa figo waliopungukiwa na damu, tayari ana jibu la kujipa usiku asipopata usingizi.

Kisingizio nisichoweza kukivumilia ni kile cha kusema hakuna aliyeumia. Mwezi wa Aprili 2014 Rita Jeptoo wetu alishinda mbio za marathoni za Boston, na Buzunesh Deba wa Ethiopia akawa wa pili. Septemba mwaka huohuo Jeptoo alipimwa akapatikana na EPO, na mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamfungia miaka minne na kumfutia ushindi wa Boston. Deba akatambuliwa kuwa mshindi, lakini kwa kuwa fedha za zawadi zilikuwa zimekwisha kulipwa, alikaa miaka bila kupata haki yake, hadi mwaka 2024 ambapo mtu binafsi aliyeguswa na habari zake alimlipa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Kufika wa kwanza kwenye utepe akishangiliwa na Boston nzima, hilo hakuna awezaye kumrudishia. Basi mnaponitajia karo ya wadogo zenu, nawauliza: yule wa pili hana wadogo zake?

Wala msidhani aliyeibiwa yuko mbali daima. Namjua binti mmoja wa Kuresoi, hodari na mwenye nidhamu, aliyerudi nyumbani kuchimba viazi kwa sababu kila mbio za barabarani alizokwenda alipitwa na watu ambao baadaye walifungiwa. Hakuna aliyekwenda kwao kumpa pole. Mlilia na aliyenaswa, na huyu hamkumkumbuka, ingawa mlikuwa mkila naye ugali kwenye meza moja.

Kuhusu kusema wote wanatumia, watafiti wa saikolojia ya michezo wameona mara kwa mara kwamba anayetumia dawa hukadiria watumiaji kuwa wengi kuliko anavyokadiria asiyetumia. Anahitaji wawe wengi ndipo alale. Mengine nayasema kwa kifupi: EPO huifanya damu iwe nzito, na damu nzito huganda, kilichomo mwilini mwako ni jukumu lako, hata kama aliyekidunga ni mwingine, na anayekataa kukuandikia jina la dawa anayokupa, mkimbie.

Lakini siwezi kuwakemea ninyi peke yenu. Sisi wazazi na majirani tunampokea mshindi kwa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na nyimbo, tunamwomba mchango wa kanisa na wa shule, na hakuna anayemuuliza muda wake uliwezaje kushuka ghafla namna ile. Wenye maduka ya dawa huuza bila cheti cha daktari. Kijana akinaswa, wote hao wananyamaza, naye anabaki peke yake na barua ya kufungiwa. Huo ni ukatili, na unatoka kwetu.

Kama kuna mmoja wenu ambaye tayari ameshadungwa, aache leo, na asikubali kutungiwa hadithi na wakala wala daktari. Kwa kanuni zinazotumika tangu 2021, mwanariadha anayekabiliwa na adhabu ya miaka minne au zaidi, akikiri na kuikubali adhabu ndani ya siku 20 baada ya kupewa hati ya mashtaka, hupunguziwa mwaka mmoja. Aje kwangu, usiku au mchana, nami nitafuatana naye hadi kwenye shirika la kupambana na dawa hizo, nikae karibu naye anapoeleza nani alimdunga.

Mzee wenu,
Nakuru