Barua ya wazi kwa vijana wetu wa madaraja ya chini Uingereza: anza umeneja kabla hujatundika daluga

Wanangu,

Salaam nyingi. Nawaandikia ninyi mnaocheza League Two (daraja la nne), National League (la tano) na madaraja yaliyo chini yake, hasa mliofikisha miaka 27 au 28. Siku hizi wenye asili ya kwetu huko si mmoja wala wawili. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, amepita Mansfield Town, Solihull Moors na klabu nyingine kadhaa za ngazi hiyo. Tarryn Allarakhia aliitwa Taifa Stars akiwa Wealdstone. Haji Mnoga, kijana wa Portsmouth, alicheza Aldershot Town kwa mkopo. Nyuma yao wapo wengine ambao majina yao hayafiki magazeti ya Dar wala Nairobi, na hao ndio nawafikiria zaidi.

Mkataba wa League Two mara nyingi ni wa mwaka mmoja au miwili. Unakwisha 30 Juni, na orodha ya wanaobaki na wanaoachwa hutoka Mei. Mwenye miaka 33 akiachwa hushuka National League, mwaka unaofuata yuko National League North au South, daraja la sita, na baada ya hapo anacheza kwa malipo ya wiki huku akitafuta kazi ya mchana. Hapo ndipo wengi hukumbuka umeneja, na wanaukumbuka kwa kuchelewa. Wanadhani miaka 15 ya kucheza imewafundisha kazi. Imewafundisha mpira tu. Kazi ya meneja wa daraja la sita au la saba ni kupata watu 16 wanaofika uwanjani Jumanne usiku, kuwalipa kwa fedha kidogo, na kutonyang'anywa aliye bora kati yao. Hayo hujifunzwa, tena hujifunzwa vizuri zaidi ukiwa bado unacheza, maana kosa lako halijamgharimu mtu.

Tazameni njia ya meneja Neil Warnock. Ninyi mnamjua kwa Sheffield United, QPR na Cardiff City. Yeye alikuwa winga wa kawaida aliyehama hama: Chesterfield, Rotherham, Hartlepool, Scunthorpe, Aldershot, Barnsley, York, hadi Crewe. Hakuwahi kucheza daraja la juu kabisa. Alisomea utabibu wa miguu, na kazi hiyo ndiyo iliyomweka mjini alipokuwa anaanza umeneja Gainsborough Trinity, kisha Burton Albion kuanzia 1981 hadi 1986. Halafu akaenda Scarborough, na mwaka 1987 akatwaa ubingwa wa daraja la tano. Huo ulikuwa msimu wa kwanza ambao bingwa alipanda moja kwa moja. Kabla yake klabu za Football League, ligi ya kulipwa iliyo juu ya daraja la tano, zilipiga kura kuamua nani aingie na nani atoke. Hesabuni: miaka mitano Burton peke yake, bila jina kubwa na bila mshahara wa maana. Ninapowaambia mshike ufundi mwingine pembeni, uwe wa umeme, ualimu au uhasibu, sababu ni hiyo. Meneja asiye na mkate mwingine hukubali masharti mabaya ya mwenyekiti yeyote.

Mfano wa karibu zaidi ni Andy Woodman. Alikuwa kipa wa Northampton Town, Brentford, Colchester na Oxford United, akamalizia chini ya hapo. Hakukimbilia umeneja. Alifundisha makipa kwenye klabu kubwa kwa miaka, na Bromley, wakiwa daraja la tano, walimpa timu mwaka 2021. Mwaka 2022 wakaifunga Wrexham 1-0 Wembley na kuchukua FA Trophy, kombe la klabu zilizo nje ya Football League. Mei 2024 wakarudi Wembley, wakaitoa Solihull Moors kwa mikwaju ya penalti, na klabu iliyoanzishwa 1892 ikaingia Football League kwa mara ya kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Vyeti kwanza, nitavipitia haraka. Kozi ya ukocha ya UEFA C, ambayo ni ya chini, ina saa zisizopungua 60, na UEFA B inayoifuata 120. Unahitaji timu ya kufundisha wakati unasoma, na unahitaji huduma ya kwanza, mafunzo ya ulinzi wa watoto na uchunguzi wa rekodi za uhalifu uitwao DBS. Chama cha wachezaji, PFA, husaidia ada za masomo kwa wanachama na waliowahi kuwa wanachama. Wengi mna haki hiyo na hamuitumii. Ulizeni.

Fedha ndiyo inayoangusha mameneja wapya, kwa hiyo hapa nakaa. Siku ya mahojiano muulize mwenyekiti, kabla ya mengine yote: bajeti ya wachezaji kwa wiki ni kiasi gani, na ni kwa wiki ngapi? Klabu nyingi za daraja la saba na la nane hulipa msimu tu. Kiangazi hakuna kitu. Tuseme kwa mfano umepewa pauni 4,000 kwa wiki na unataka watu 18. Ukimpa mshambuliaji 600, beki wa kati 400 na kiungo 400, umebaki na 2,600 kwa watu 15, yaani kama pauni 173 kila mmoja, na humo mtu anatoa petroli yake. Ukitenga 400 za dharura, inashuka hadi pauni 147 hivi. Itakuuma, lakini tenga. Asiyetenga hufika Novemba na wawili majeruhi, na mchezaji mwenye mkataba analipwa hata akiwa kitandani. Mwenyekiti hataongeza. Utaanza kuomba vijana kwa mkopo kutoka klabu za juu, na hao watakuja kwa ajili ya dakika zao kabla ya pointi zako.

Jambo la pili ni notisi ya siku 7. Mchezaji asiye na mkataba anaweza kufuatwa na klabu yoyote: wanaiandikia klabu yako, siku saba zinapita, wanazungumza naye, anaondoka bila ada ya uhamisho. Waliozoea mikataba ya League Two hili huwashtua. Mfungaji wako mwenye mabao 12 kufikia Oktoba anaweza kuwa kwa jirani yako kabla mwezi haujaisha. Dawa yake ni mbili. Wape mkataba wanne au watano tu wasioweza kuzibwa pengo kirahisi, kama vile kipa, beki wa kati anayeongea, na anayefunga. Ukiwapa mkataba wote, majeruhi watakufilisi. Usipompa yeyote, utanyang'anywa timu nzima bila kupata senti. Dawa ya pili ni daftari. Kwa kila nafasi uwe na majina matatu, na mbele ya kila jina andika anakoishi, kazi anayofanya, na saa anayotoka kazini. Daftari hilo anza kuliandika leo ukiwa mchezaji. Kila Jumamosi unakutana na wapinzani 11 bure kabisa. Beki aliyekusumbua, andika. Mei vijana wa akademi wenye miaka 18 au 19 wakiachwa, wapigie makocha wao siku hiyohiyo.

Kuhusu anakoishi mtu: chora duara la mwendo wa saa moja kwa gari kutoka uwanja wa mazoezi, na usisajili nje yake ila kwa sababu kubwa sana. Fundi wa ujenzi anayetoka kazini saa 11 jioni na kukwama barabarani atafika amechoka, wiki ya tatu ataanza kutuma ujumbe kwamba mtoto anaumwa, na Februari hatakuja kabisa. Hajakudanganya, umbali umemshinda.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi usiku, dakika 90 kwenye nyasi bandia za kukodi, na mara nyingi unapata nusu uwanja kwa sababu nusu nyingine wamekodi watoto. Kuna Jumanne ambazo mazoezi hayapo kwa kuwa kuna mechi. Umewaita 18, wamekuja 12 au 13. Meneja aliyetoka mpira wa kulipwa huwa amepanga zoezi la watu 20, basi anakasirika na kupoteza robo saa kulipangua. Panga mazoezi ya 12, 13, 14 na 16 kabla hujatoka nyumbani: 12 wacheze sita kwa sita, wa 13 awe huru na acheze na upande wenye mpira. Jumanne wakimbize. Alhamisi usiwakimbize, kwa sababu hawa wamebeba matofali na mizigo tangu asubuhi, na msuli wa nyuma ya paja huchanika Alhamisi usiku ukahesabika Jumamosi. Alhamisi fanya mpangilio wa timu na, kwa dakika 25 kamili, kona na mipira ya adhabu. Januari uwanja wa nyasi ukiwa tope, pasi fupi haziendi, na mechi nyingi za ngazi hii huamuliwa na mpira uliosimamishwa. Januari hiyohiyo mechi zitaahirishwa, kisha Aprili mtacheza Jumamosi, Jumanne, Alhamisi. Usajili hufungwa mwishoni mwa Machi. Uingie Aprili na watu 20, wawili kati yao wawe wanacheza nafasi zaidi ya moja.

Kumbuka pia kwamba adhabu ya kusimamishwa humfuata mchezaji hadi klabu mpya. Kabla hujampanga mgeni, katibu athibitishe usajili wake na kadi zake kwa maandishi. Kumchezesha asiyeruhusiwa hukatwa pointi, na katibu huyo mara nyingi ni mzee wa kujitolea anayefanya kazi hiyo baada ya chakula cha jioni. Mheshimu, mpe taarifa mapema, usimtumie jina la mchezaji saa sita mchana siku ya mechi.

Wengine mtaombwa kuwa meneja mchezaji, kwa kuwa klabu inaokoa mshahara mmoja. Nigel Clough alianza hivyo Burton Albion mwaka 1998 na akadumu zaidi ya miaka kumi, lakini yeye aliona mpira kwa namna ya pekee. Ukikubali, cheza beki wa kati au kipa, mahali unapouona uwanja wote. Na msaidizi wako awe na ruhusa ya kukutoa, iliyosemwa mbele ya wachezaji wote. Bila hiyo ruhusa, hakuna atakayekutoa ukiwa umechoka dakika ya 70, na timu nzima inajua.

Kombe la FA lipigieni mahesabu mapema. Timu za daraja la sita huingia raundi ya pili ya mchujo, za National League raundi ya nne ya mchujo, na kila ushindi una fedha. Januari 2006 Burton ya Clough ilitoka sare 0-0 na Manchester United, ikaenda Old Trafford kwa marudiano ikafungwa 5-0, na mapato ya usiku ule yaliinufaisha klabu kuliko ushindi mwingi wa ligi. Tangu msimu wa 2024/25 marudiano yameondolewa kuanzia raundi ya kwanza rasmi, ile inayofuata mchujo. Mimi naona hilo ni dhuluma kwa klabu ndogo, ila ndiyo sheria. Mwenyekiti aseme kwa maandishi: fedha za kombe zikija, asilimia ngapi inaingia kwenye kikosi?

Na ulizia uwanja. Kidderminster Harriers 1994, Macclesfield 1995 na Stevenage 1996 walikuwa mabingwa wa daraja la tano wakazuiwa kupanda kwa sababu ya viwanja. Msidhani ni mambo ya zamani: mwaka 2024 Gateshead walistahili kucheza mchujo wa kupanda, wakaondolewa kwa kuwa hawakuweza kuthibitisha haki ya kutumia uwanja wao wa halmashauri kwa miaka 10. Sutton United walipopanda 2021 iliwabidi wang'oe nyasi bandia, kwani Football League haizikubali. Kama klabu inakuahidi kupanda, omba kuona mkataba wa uwanja.

Mwisho ni karatasi yako mwenyewe. Usianze kazi kwa kupeana mikono. Mkataba uandike muda wa notisi, unacholipwa ukiondolewa katikati ya msimu, nani anaamua usajili, na gharama za safari unapokwenda kutazama wachezaji Jumanne usiku. Mwenyekiti mwema hatakataa kuyaandika.

Kwa wale wenye miaka 27: mwandikieni katibu wa klabu yenu wiki hii mwombe nafasi ya kusaidia timu ya vijana chini ya miaka 14, jioni moja kwa wiki. Timu hiyo ndiyo mtakayoitumia kwa UEFA C.

Wenu,
Mzee wenu