Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2024: Maisha Yetu katika Shule ya Misheni kwa Wanavajo

Ndugu wanachama, wazee wetu, vijana na watoto,

Bwana Yesu asifiwe.

Mkutano Mkuu uliopita uliniagiza kwamba safari hii nisiwasomee orodha ya vikao, bali niwaeleze kinagaubaga jinsi familia yangu, mnayoichangia, inavyoishi katika shule ya misheni kwa Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Mama mmoja wa Albuquerque akaongeza swali: je, baada ya yote yaliyotendwa na shule za namna hiyo, chama chetu kina haki gani ya kuwapo pale? Swali hilo limeninyima usingizi, na ndilo nitakalolijibu.

Mengine nayapitia haraka. Vikao vilifanyika kama katiba inavyotaka. Hesabu ataisoma mweka hazina, na wakaguzi wapo. Tumepokea wanachama wapya, wengi wao ndugu zetu Wakongo wanaoishi Phoenix. Tumemzika mmoja wetu, na familia yake inawashukuru kwa rambirambi zenu.

Kwa ambao hamjafika: nchi ya Wanavajo ina ukubwa wa kilomita za mraba 70,000 hivi, imeenea Arizona, New Mexico na Utah. Sisi tuko upande wa New Mexico, si mbali na Gallup, mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari kutoka Albuquerque. Ni nyanda za juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Nilipotoka Upareni nilidhani baridi naijua. Januari ya kwanza hapa ilinifundisha upya. Mume wangu anafundisha hisabati, na alfajiri anaendesha basi la shule. Mimi nina darasa la tatu. Basi huondoka bado giza, kwa kuwa nyumba ziko mbalimbali sana na njia nyingi ni za udongo. Theluji ikiyeyuka, gari linazama kwenye tope hadi ekseli. Kaya nyingi hazina bomba, maji huletwa kwa matangi nyuma ya pikapu. Mtoto akija na shati la jana simuulizi kitu. Nimekua nikichota maji mtoni, najua ndoo moja inavyogawanywa watu wanane.

Aliyetutangulia kuwa mwenyeji ni binti yetu mwenye miaka tisa. Mnavajo akijitambulisha hutaja koo nne: kwanza wa mama, ambao ndio wake hasa, kisha wa baba, ambao husema amezaliwa kwa ajili yao, halafu wa babu mzaa mama na wa babu mzaa baba. Tulipokuwa na wiki tatu tu, bibi mmoja anayepika jikoni pa shule alimwuliza mtoto koo zake. Akahesabu kwa vidole: mama Wasuya, baba Wambaga. Za babu zake ilibidi akimbie kuja kutuuliza, akarudi mbio na jibu. Yule bibi akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Kumbe ana kwao." Tangu siku hiyo anamwita mjukuu, naye binti yetu anamwita shimásání, yaani bibi mzaa mama. Barua ya utambulisho tuliyotoka nayo kanisani haikutufikisha mbali kama vidole vile.

Mimi nilikosea mapema. Mwezi wa tano mwaka wetu wa kwanza niliwaambia watoto wasimulie hadithi za Koyote, yule mnyama mjanja kama sungura wetu. Darasa zima lilinyamaza, nami nikaona ni ukaidi, nikawakaripia. Jioni mzazi mmoja alinipigia simu kwa upole: hadithi hizo husimuliwa majira ya baridi tu, ngurumo za kwanza zikishalia hazitajwi tena. Niliona aibu, maana nyumbani sisi tulikatazwa kusimulia hadithi mchana, na hakuna mtoto wa kwetu ambaye angethubutu kuivunja amri hiyo mbele ya mgeni. Nililiomba radhi darasa kesho yake. Kwa upande mwingine, lilipokuja sanduku la mapambo lenye picha za bundi, sikuhitaji kuambiwa. Niliyafungia stoo siku hiyo hiyo. Bundi hapa ni mleta habari za msiba, kama kwetu.

Sasa nalijibu swali. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga Wanavajo kwa miguu, pamoja na wajawazito na wazee, hadi kambi ya Bosque Redondo, mashariki ya New Mexico. Wenyewe wanapaita Hwéeldi, na wazee wengine hawapendi kupataja kabisa. Walirudi nchini kwao kwa mkataba wa Juni 1, 1868, na kifungu chake cha sita mimi kama mwalimu nimekisoma mara nyingi: serikali iliahidi mwalimu na nyumba ya shule kwa kila watoto 30. Ahadi hiyo haikutimizwa kama ilivyoandikwa. Shule zilipokuja, nyingi zilikuwa za bweni, mbali na mama. Makanisa nayo yakaingia: Wapresbiteri walianza misheni ya Ganado mwaka 1901, Wakatoliki wakafungua shule St. Michaels mwaka 1902, na wamisionari wa kanisa la Christian Reformed wakaanzisha Rehoboth mwaka 1903, jina la kisima cha Isaka, pale aliposema Bwana ametufanyizia nafasi.

Nafasi aliyofanyiwa nani? Kwa upande mmoja kuna mema ambayo siwezi kuyakana. Ganado ilifungua mwaka 1930 chuo cha uuguzi kwa wasichana wa makabila ya asili, wakati vyuo vingi havikuwataka. Kwa upande wa pili, zilikuwapo shule, za serikali na za makanisa, ambako mtoto alikatwa nywele, akapewa jina jipya, na akasuguliwa ulimi kwa sabuni kwa sababu amezungumza lugha ya mama yake. Sisi wa Afrika Mashariki tusijifanye wageni wa jambo hili. Shuleni kwetu aliyesikika akisema Chasu, lugha yetu Wapare, alivishwa kibao shingoni, na alikaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Nimekivaa.

Nawasimulia wanangu habari za Philip Johnston, mtoto wa mmisionari aliyekulia kwa Wanavajo, akicheza na watoto wao hadi akaijua lugha. Mwaka 1942 ndiye aliyelishauri jeshi kuitumia kwa mawasiliano ya siri, na vijana 29 wa Kinavajo wakatunga msimbo ambao Wajapani hawakuweza kuufumbua. Naisimulia kwa ajili ya ile michezo ya utotoni. Yule mtoto alijifunza kwao kwanza. Biblia nzima kwa Kinavajo ilikamilika mwaka 1985, zaidi ya miaka 80 baada ya misheni hizi kuanza, na mtu hawezi kuipima hasara ya watoto wote waliosali miaka hiyo kwa lugha wasiyoielewa.

Julai mwaka huu serikali ya Marekani ilitoa sehemu ya pili ya uchunguzi wake kuhusu shule za bweni za watoto wa makabila ya asili: shule 417, na watoto wasiopungua 973 waliofia humo. Oktoba 25, siku ya Ijumaa, Rais Biden aliomba radhi rasmi akiwa kwa jamii ya wenyeji wa asili ya Gila River, Arizona. Jioni ile nilikuwa jikoni namsaidia bibi yetu kumenya viazi. Hakuitaja hotuba. Aliniambia tu kwamba alipopelekwa shule akiwa mdogo walimkata nywele siku ya kwanza, na usiku akaamka kwenda kuzitafuta kwenye pipa la taka. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu nani anamsuka?" Nikamjibu ni mimi. Akasema nimpeleke kwake Jumamosi. Tulipofika aliziacha nywele zilizosukwa kama zilivyo, akazikusanya kisogoni na kuzifunga kwa uzi mweupe wa sufu, kama wanavyofunga wao. Mtoto hakutaka kuzifungua kwa wiki nzima.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba tubaki, lakini tubaki kama wageni waliokaribishwa. Shule yetu si ya bweni. Kila mtoto analala kwao, na hilo kwangu ni sharti. Baadhi ya wajumbe wa kamati walitaka nilete hesabu ya waliobatizwa. Sikuileta, na sitaileta. Watoto hawa wamekwisha kuhesabiwa vya kutosha. Nguo tulizotuma mwaka jana nyingi bado ziko stoo, kwa sababu hatukuuliza. Tulipouliza, kamati ya wazazi ilitaja vitu viwili: posho ya mzee anayefundisha Kinavajo, na kuni kwa wazee. Napendekeza mchango wetu wote wa 2025 uende huko, na Mkutano Mkuu upige kura.

Kuni ni jambo la haraka. Baadhi ya migodi ya makaa ya mawe katika nchi ya Wanavajo imefungwa, ule wa Kayenta mwaka 2019, na jiko la sebuleni halingoji. Oktoba vijana wetu wa Albuquerque walikuja na pikapu, tukapasua misonobari na mireteni siku mbili, na kila mzee tuliyempelekea alitukalisha kwanza kula mkate wa kukaanga na mchuzi wa kondoo kabla hatujashusha gogo hata moja. Mwaka ujao tunataka kuanza Septemba, kabla ya tope. Mwenye pikapu, shoka au msumeno wa mashine amwandikie katibu kabla ya mwisho wa Agosti. Glovu kila mtu aje na zake.