Mjomba, mgonjwa naye apewe kamati

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Ukitua Desemba utaona mengi. Kigamboni tunavuka kwa daraja tangu 2016, ingawa mama bado anapenda pantoni, anasema ndiko anakopata habari za watu. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo zawadi zako zifunge vingine. Ila ninalotaka kukuandikia ni hili la michango.

Umeshaona kwenye grupu kwamba wewe ndiye mwenyekiti wa harusi ya mdogo wangu. Kadi ya mtu mmoja laki moja, ya wawili laki na nusu. Kila asubuhi mweka hazina anabandika orodha. Unaikopi, unaongeza jina na ahadi yako, unairudisha. Wiki mbili tu tumefika namba 64. Nafurahi kwa kweli. Mdogo wangu anastahili ukumbi, keki na ndafu.

Lakini Jumatatu ya wiki jana alilazwa mama muuza vitumbua, yule wa pale kona aliyekuwa anatukopesha tukienda shule. Anatakiwa afanyiwe upasuaji, na bima hana. Bintiye akafungua orodha kwenye grupu la mtaa, ambalo nusu yake ni watu walewale wa harusi. Namba 1 ni yeye mwenyewe, elfu ishirini. Mpaka jana usiku imesimama namba 11. Chini yake zimejaa "pole sana" na "Mungu amponye", na mojawapo ilikuwa yangu.

Nimewaza sana, Mjomba, na sidhani watu wetu wana roho mbaya. Harusi ina tarehe. Ina kamati, ina mtu wa kukupigia saa mbili usiku kukukumbusha ahadi, na ina kadi: usipomaliza kulipa, unabaki mlangoni na shati lako jipya. Mgonjwa hana mlango wa kukuzuia. Anayemchangishia ni mwanawe, na mtoto aliyekesha kwenye benchi la wodi hawezi kumpigia mtu mzima simu ya tatu kumdai. Haya inamshika.

Na huyu mama akifariki leo, turubai litafungwa kabla ya jioni na daftari la rambirambi litajaa majina. Hilo ndilo linaloniuma. Pesa zipo, zinasubiri msiba.

Kwa hiyo nakuomba, kwenye kikao cha Jumamosi, kabla hatujafika kwenye mambo ya MC na mapambo, uanze na mgonjwa. Ukisema wewe watasikia. Mweka hazina wetu haogopi kupiga simu; nimemwomba aishike na orodha hii, amekubali.

Leo asubuhi nimejiandika namba 12. Namba ya kutumia pesa nimekutumia pembeni. Jina litakalotokea ni la bintiye.