Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: Tupeni Masikio ya Kusikiliza Anga

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Mimi ni mwalimu wa fizikia, mkazi wa Mbagala.

Usiku mmoja wa Februari umeme ulikatika mtaani kwetu, watoto wakajaa uani. Kundi la nyota la Orion lilikuwa utosini kabisa. Nikampa darubini yangu ya mkono binti wa kidato cha pili, nikamwelekeza chini ya zile nyota 3 zilizopangana. Akaona doa hafifu, kama pumzi kwenye kioo. Nikamwambia: hapo nyota zinazaliwa. Nuru ile imesafiri miaka 1,300 hivi. Ilianza safari hata Msikiti Mkuu wa Kilwa haujajengwa.

Akauliza, "Mwalimu, kabla haijawa nyota inakuwa nini?"

Inakuwa gesi, nyingi yake haidrojeni, pamoja na vumbi. Ikipoa hadi nyuzi 260 chini ya sifuri, uzito wake wenyewe huikunja, ikazidi kujibana mpaka kiini kikawaka. Ila kabla ya hapo, ikiwa bado imetawanyika kati ya nyota, jicho haliioni. Husikika kwa redio, kwa wimbi lenye urefu wa sentimita 21 ambalo haidrojeni hiyo hulitoa. Darasani nimeipiga alama hiyo kwenye rula ya kawaida, na wanafunzi huigusa kwa kidole. Kwa wimbi hilo wanaastronomia hujua galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, imebakiwa na gesi kiasi gani, kama mama apimavyo unga uliobaki kwenye debe.

Mheshimiwa, wanafizikia Ewen na Purcell walilinasa wimbi hilo mwaka 1951 katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa pembe ya mbao, yaani antena yenye umbo la pembe, iliyotandikwa shaba ndani. Mbao! Mafundi wetu wa Keko wanaiweza kazi hiyo. Taa za jiji zimetunyima nyota, lakini haziwezi kulizuia wimbi hili, wala mawingu ya masika hayawezi. Hata masafa yake, karibu na megahezi 1420, yamelindwa kimataifa kwa ajili ya sayansi.

Ninaomba wizara yako izipe klabu za sayansi za sekondari vipokezi vidogo vya redio. Pembe tutaziunda wenyewe. Tena ninaomba serikali ibishe hodi kwenye SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio. Afrika Kusini tayari ina darubini ya redio ya MeerKAT, antena 64 pale Karoo, na kati ya nchi 8 za Afrika zinazoshirikiana nayo katika mradi huo wamo majirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji. Sisi hatumo. Inaniuma, kwa sababu vijana wenye kiu hiyo ninao darasani kila siku.

Yule binti sasa anauliza pembe yetu itaanza lini. Nimemwambia nimekuandikia. Ukimtuma mtaalamu wako Mbagala jioni yoyote, atatukuta uani.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa fizikia, Mbagala, Dar es Salaam