Mmemwita Grant mlevi mara tatu, la maana mmeliruka

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana ile makala yenu ya Jenerali Ulysses Grant, yule aliyeongoza jeshi la Kaskazini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani na baadaye akawa rais, imenikera, mlevi mara tatu, mchinjaji mara mbili, halafu hao mkarukia urais.

Pombe sikatai. Aliacha jeshi 1854 na uvumi wa chupa ukamfuata hadi kaburini. Lakini mbona hamjasema kilichofuata? Jamaa alilima karibu na St. Louis ikashindikana, akawa anauza kuni mjini, mwisho akaenda kuajiriwa kwenye duka la ngozi la baba yake kule Galena na waliokuwa wanaliendesha ni wadogo zake, fikiria mwenyewe. Na 1859, hali mbaya hivyo hivyo, alikuwa na mtumwa mmoja, William Jones, angemuuza angepata hela ya maana kabisa, yeye akaenda mahakamani akamwandikia uhuru bure, na huku ukweni kwake watumwa wamejaa.

Mchinjaji? Sawa, vita ya Cold Harbor kule Virginia, Juni 1864, watu waliteketea na mwenyewe aliandika kwamba lile shambulio la mwisho alilijutia siku zote. Ila kama mlitaka kumshika pabaya mngesema ile amri ya Desemba 1862 ya kuwafukuza Wayahudi kwenye eneo lake la kijeshi, mpaka Rais Lincoln akaifuta. Hilo ndo doa lenyewe, na cha ajabu hamjaligusa!

Sasa njooni Appomattox kule Virginia, 9 Aprili 1865, siku Jenerali Lee wa jeshi la Kusini aliposalimu amri kwake. Usiku wa kuamkia siku hiyo kichwa kilimgonga Grant hakulala, kaloweka miguu kwenye maji moto na haradali, haikusaidia kitu, asubuhi barua ya Lee ikaingia kwamba yuko tayari kuzungumzia kusalimu amri na kichwa kikaacha palepale. Lee kaja na sare mpya na upanga, Grant yeye koti la askari wa kawaida na buti zina tope, tena wanaanza na stori za vita ya Mexico, walikopigana wote upande mmoja zamani, mpaka Lee ndo akamkumbusha kilichowaleta. Masharti yakawa nendeni makwenu, mwenye farasi au nyumbu wake aondoke naye akalimie, na vyakula vya watu 25,000 vikapelekwa kwa jeshi lililoshindwa lenye njaa. Askari wake walipoanza kupiga mizinga ya shangwe akawazuia. Mchinjaji gani huyo?

Halafu mwisho wake, 1884 mshirika wa biashara wa mwanae akawatapeli, hela yote ikaisha, na saratani ya koo nayo ikaingia. Akaamua kuandika kumbukumbu zake ili mkewe Julia asiachwe kapa, sauti ilipokata akawa anaandika kwa penseli, akamaliza siku chache tu kabla ya kufa 23 Julai 1885. Mwandishi Mark Twain ndo aliyechapisha na Julia akapata kama dola 450,000.

Kwa hiyo mkirudia hiyo makala, ile picha ya farasi na medali iacheni, tuwekeeni ya pale Mount McGregor, New York, alikofia, mzee kakaa barazani, kofia ya sufi kichwani, shingo kaifunika, karatasi mapajani.

Msomaji wenu wa kila wiki,
Moshi